Walimu wa posta, redio na WhatsApp: nusu karne baada ya Azimio la Musoma

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ilikutana Musoma na kutoka na uamuzi uliowaweka watu wa elimu tumbo joto: ifikapo Novemba 1977, kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani. Mpango wa awali ulikuwa 1989. Miaka kumi na miwili ilikatwa kwa kikao kimoja, na vyuo vyote vya ualimu vya wakati ule, hata vingejazwa hadi kwenye varanda, visingeweza kutoa walimu wa kutosha. Kiongozi wa TANU, Julius Nyerere, alilijua hilo vizuri kuliko wengi. Alikuwa mwalimu kwa kazi yake, na darasa la kwanza alilianzia katika mji huohuo, Shule ya Mwisenge, mwaka 1934.

Kilichofuata hakisimuliwi sana, ingawa wanahistoria wa elimu wangepaswa kukiweka mbele. Kuanzia 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa vijijini na kufanywa walimu bila kwanza kupelekwa chuoni. Walifundisha huku wakisoma. Vitabu vya masomo viliwafikia kwa njia ya posta, vipindi walivisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam, mwalimu mkuu akawa mlezi wao, na mkufunzi alifika kwa zamu, akaketi nyuma ya darasa na kuwatazama wakifundisha. Mafunzo yalichukua miaka mitatu, kisha yakahitimishwa kwa majuma machache chuoni. Walioandikishwa walikuwa takriban 45,000, na zaidi ya 35,000 wakafaulu. Wanafunzi wa shule za msingi nao, ambao mwaka 1974 walikuwa kama milioni 1.2, walikaribia milioni 3 mwaka 1978.

Mambo hayo hayakuzuka tu. Mikoa ya Ziwa, Mara ikiwemo, ilikuwa uwanja wa majaribio ya kisomo chenye manufaa yaliyoendeshwa na serikali pamoja na UNESCO kati ya 1968 na 1972. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima karibu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi, kitabu na redio moja, na kipindi kilipokwisha watu walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kwa hiyo walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, walipopewa redio na kitabu, njia ilikuwa imekwisha kufyekwa.

Mitaani waliitwa kwa kejeli. Herufi za UPE zilisomwa "Ualimu Pasipo Elimu", na wako wazee wa Mara ambao hadi leo hawajaacha kuwatania wenzao kwa jina hilo. Kejeli hiyo haikuwatendea haki. Utafiti uliotolewa mwaka 1989 na taasisi ya UNESCO ya mipango ya elimu iliyoko Paris uliwalinganisha na walimu waliosomea chuoni, na tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo. Kijana wa darasa la saba aliyekuwa na mtu wa kumtazama, kumsahihisha na kumrudia aliweza kusimama mbele ya ubao. Pale mkufunzi alipokawia au betri za redio zilipokwisha, kijana huyo alibaki na watoto wake na kitabu chake, basi.

Nataka kutua kidogo hapa, kwa sababu udhaifu mkubwa wa mpango ule hauko kwenye betri. Kila kitu kilitoka juu. Mwalimu wa kijiji kimoja cha Bunda alijifunza kutoka Dar es Salaam, lakini hakuwa na njia ya kujifunza kutoka kwa mwenzake wa Butiama aliyekuwa akihangaika na hesabu zilezile za sehemu. Mtandao ulikuwepo, ila nyuzi zake zote zilielekea kwenye kitovu kimoja, na mwalimu hakuulizwa angependa kuunganishwa na nani.

Mjini Musoma kwenyewe kuna mahali ambapo watu wamekuwa wakijifunza kwa namna nyingine. Makoko, kata iliyokaa ufukweni mwa Ziwa Victoria, inajulikana kwa seminari yake, na pia kwa chuo cha lugha kilichoanzishwa na Wamaryknoll, wamisionari kutoka Marekani waliofika upande huu wa ziwa mwaka 1946. Mapadre, masista na wafanyakazi wa kujitolea kutoka ng'ambo wamepita hapo kujifunza Kiswahili kabla ya kutawanyika Afrika Mashariki. Mgeni wa aina hiyo husaidiwa na kitabu, lakini lugha ataipata kwa mama muuza dagaa, kwa kondakta na kwa watoto wanaomcheka anapokosea ngeli.

Chuo cha namna hiyo ndicho kilichomkomaza mmoja wa watu wa kwanza kuandika juu ya mitandao ya kujifunza. Ivan Illich, padri mzaliwa wa Vienna, aliendesha kituo huko Cuernavaca, Mexico, ambako wamisionari waliokuwa wakielekea Amerika ya Kilatini walifundishwa Kihispania. Hakuwapenda sana wamisionari hao, na hakuwaficha hilo. Mwaka 1971, katika kitabu chake kilichoishambulia shule kama taasisi, alipendekeza kompyuta zitumike kumkutanisha mtu anayetaka kujifunza jambo na mwenzake mwenye hamu ileile au mwenye ujuzi wake. Miaka mitatu baadaye TANU ikaketi Musoma kuamua kujenga shule zaidi. Nadhani TANU ilikuwa sahihi kwa nchi yake, maana mtoto asiyejua kusoma hana la kuiuliza kompyuta. Hata hivyo, wazo la Illich halikufa.

Lilirudi likiwa na jina jipya. Mwishoni mwa 2004 George Siemens, mwalimu wa Kanada, alitoa nadharia aliyoiita konektivizimu. Alidai kwamba maarifa hayakai kichwani mwa mtu mmoja, yametapakaa katika mtandao wa watu na vyombo, na kujifunza ni kujenga na kutunza miunganiko hiyo. Mwaka 2008 yeye na Stephen Downes waliendesha kozi katika Chuo Kikuu cha Manitoba. Waliolipa ada walikuwa 25 hivi, na wengine zaidi ya 2,000 walijiunga bure kupitia intaneti. Tangu hapo imekuwa kawaida kumshauri mwalimu ajenge mtandao wake binafsi wa kujifunza. Wapo waliobisha: Plon Verhagen wa Uholanzi alisema mwaka 2006 kwamba hiyo si nadharia ya kujifunza, ni mtazamo tu wa namna ya kufundisha. Mimi namwelewa. Lakini kwa mwalimu aliye peke yake na darasa la watoto mia, jina la kitu halina uzito kama kuwepo kwake.

Wakati Kanada wakijadili nadharia, Tanzania ilikuwa na haraka nyingine. Shule za sekondari za kata zilifunguliwa kwa wingi katikati ya miaka ya 2000, na wahitimu wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya majuma machache na kupelekwa kufundisha. Watu wakawaita "Voda Fasta", kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu. Kama wenzao wa UPE, nao walidhihakiwa. Kilichowatenga na wenzao wa 1976 ni kwamba hawakuwa na kipindi cha redio wala mkufunzi wa kuzunguka, ila wengi walikuwa na simu mfukoni. Ilipokuja WhatsApp, walimu walianzisha magrupu ya masomo bila kungoja waraka: maandalio ya somo, maazimio ya kazi, mitihani ya mock ya wilaya nyingine, swali la fizikia lililopigwa picha saa nne usiku na kujibiwa kabla ya kulala. Mwalimu alijichagulia wa kumuuliza. Ila ndani ya grupu hakuna anayeketi nyuma ya darasa, na jibu lililokosewa husambaa kwa kasi ileile ya jibu sahihi.

Serikali sasa inajaribu kuzishika ncha zote mbili, ya kutazamwa darasani na ya walimu kuulizana wao kwa wao. Chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, walimu wa shule moja hukutana katika Jumuiya za Ujifunzaji, wakachagua mada inayowasumbua na kutazamana wakifundisha. Mkoa wa Mara umo pia katika mpango wa Shule Bora, unaofadhiliwa na Uingereza. Baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa kwa walimu, na masomo ya MEWAKA yanapatikana humo kwa njia ya intaneti.

Nina shaka moja tu, nayo ni ya zamani. Jumuiya ya Ujifunzaji inayofanya kazi vizuri ni ile ambayo mwalimu wa darasa la tatu anaweza kumwambia mwalimu wa taaluma kwamba somo lake halikueleweka, na bado wakanywa chai pamoja. Ikigeuka kikao cha kujaza fomu za Afisa Elimu Kata, walimu watahudhuria, watatia saini, kisha swali la kweli watalipeleka kwenye grupu usiku.