Kikamba Kabla ya Kompyuta: Historia ya Data ya Lugha Katika Kitui na Makueni

Akili unde, yaani ujuzi wa kuiwezesha kompyuta kutenda kazi zinazohitaji fikra za mtu, husimuliwa kama fani iliyozaliwa juzi katika maabara za ng'ambo, hata mwanafunzi anayesomea kompyuta Kitui au Makueni akadhani kwamba nchi yake haina historia yoyote katika somo hilo. Dhana hiyo haina msingi. Tawi la akili unde linalotawala leo ni ujifunzaji wa mashine, mbinu ambayo kwayo kompyuta haiandikiwi kanuni moja baada ya nyingine bali huonyeshwa mifano mingi mno mpaka ijikokotolee yenyewe mpangilio uliomo ndani yake, na katika taaluma ya lugha mifano hiyo ni maandishi na sauti za watu. Mkusanyiko wa maandishi au sauti uliopangwa kwa ajili ya uchunguzi huitwa korpasi. Korpasi ya Kikamba ilianza kukusanywa zaidi ya miaka 170 iliyopita, na namna ilivyokusanywa, na nani, na kwa shabaha gani, ndiyo inayoeleza kwa nini kompyuta za leo zinakijua Kikamba kwa kiasi zinachokijua, na kwa nini hazikijui zaidi ya hapo.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa Wakamba walikuwa mabingwa wa biashara ya misafara iliyopeleka pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kujenga makazi nyuma ya mji huo, karibu na Rabai. Huko ndiko alikokutana nao Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la misheni la Kiingereza la CMS, ambaye alifika Mombasa mwaka 1844 na muda si mrefu akawa amezama katika kuandika lugha za pwani na za bara jirani. Mwishoni mwa mwaka 1849 alifunga safari ya kwanza ya Ukambani, akapitia Kikumbuliu, eneo ambalo leo limo katika Kaunti ya Makueni, hadi Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri aliyeongoza misafara mikubwa. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya, na tukio hilo limeifunika kabisa kazi nyingine aliyokuwa akiifanya wakati huohuo. Alirudi mwaka 1851 akiwa na nia ya kufungua kituo Yatta. Nia hiyo haikutimia, naye Kivoi akauawa walipovamiwa njiani karibu na mto Tana, huku Krapf akinusurika na kutangatanga nyikani kabla ya kurudi pwani.

Kazi hiyo nyingine, ya kuandika lugha, ilichapishwa Tübingen, Ujerumani, mwaka 1850: kitabu cha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwa kimojawapo pamoja na Kiswahili, Kinyika, Kipokomo, Kiyao na Kigalla, na katika mwaka uo huo Injili ya Marko kwa Kikamba. Vitabu hivi viwili vinastahili kuangaliwa kwa makini kuliko ilivyo desturi, kwa sababu vimebeba aina mbili za data ambazo hadi leo ndizo uti wa mgongo wa programu za lugha. Msamiati uliopangwa kwa safu, neno la lugha moja likikabiliana na neno la nyingine, ni orodha linganishi. Injili iliyotafsiriwa ni matini sambamba, yaani maandishi yenye maana moja katika lugha mbili au zaidi, ambayo programu ya kutafsiri huyatumia kujifunza ni fungu gani la maneno huku linalojibu fungu gani kule. Krapf hakuwa na fikra yoyote ya mashine. Hata hivyo uamuzi wake wa kuanza na tafsiri ya kitabu kilichokwisha kuandikwa kwingine, badala ya kuanza na masimulizi ya Wakamba wenyewe, uliweka njia iliyofuatwa na karibu kila aliyemfuata. Ikumbukwe pia kwamba watu waliomsaidia kwa maneno walikuwa, kwa kiasi kikubwa, wakazi na wapitaji wa Rabai, watu wa msafara waliokuwa mbali na kwao, kwa hiyo Kikamba cha kwanza kuingia kitabuni kilikuwa pia Kikamba cha ugenini.

Misheni zilizokuja baadaye zilipanua kazi hiyo bila kuibadilisha tabia. Walutheri wa Kijerumani walijenga Ikutha, kusini mwa Kitui, katika miaka ya 1890, nao Wamarekani wa Africa Inland Mission walianza Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895, chini ya Peter Cameron Scott ambaye alifariki mwaka uliofuata. Kutokana na juhudi za misheni hizo Agano Jipya la Kikamba lilipatikana mwaka 1920 na Biblia nzima mwaka 1956. Aliyesimama kando ya mkondo huo ni Gerhard Lindblom, mtaalamu wa Kiswidi wa mila na desturi, aliyekaa Ukambani katika miaka ya 1911 na 1912 na kuandika kitabu kikubwa juu ya Wakamba, kisha juzuu za ngano, vitendawili, methali na nyimbo zilizotoka katika miaka ya 1920 na 1930. Hapo kwa mara ya kwanza maandishi mengi yalitokana na vinywa vya wenyeji wakisema yaliyo yao.

Mtu aliyeiona haja ya kuyaandika maneno ya wenyeji kwa jicho la mwenyeji ni John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, na ambaye ulimwengu unamfahamu zaidi kama mwanafalsafa na mwanatheolojia. Kabla ya umaarufu huo alikuwa mkusanyaji wa lugha: mwaka 1954 alitoa hadithi ya Kikamba iitwayo Mutunga na Ngewa Yake, mwaka 1959 msamiati wa Kiingereza na Kikamba, na mwaka 1966 kitabu cha ngano za Wakamba alizoziteua kutoka katika hazina kubwa aliyoikusanya, ingawa kitabu hicho kililengwa kwa wasomaji wa Kiingereza. Uzeeni, akiishi Uswisi, alitafsiri Agano Jipya moja kwa moja kutoka Kigiriki hadi Kikamba, kazi iliyochapishwa mwaka 2014, miaka mitano kabla ya kifo chake. Ni vigumu kumtaja mtu mwingine mmoja aliyeipa korpasi ya Kikamba aina nyingi hivyo za maandishi, na inasikitisha kwamba kazi zake za awali ndizo adimu zaidi kupatikana.

Kompyuta ilikutana na Kikamba kwa njia ya tatizo dogo la tahajia. Kikamba kina irabu saba, ilhali alfabeti ya Kirumi ina herufi tano tu za irabu, na kwa sababu hiyo waandishi waliongeza kiwimbi juu ya herufi mbili, zikapatikana ĩ na ũ, kama inavyoonekana katika jina Kĩkamba linapoandikwa na wenyewe. Kibodi za kawaida hazina herufi hizo, basi watu hupiga i na u tupu, na msomaji Mkamba hutambua neno kutokana na muktadha bila taabu. Kompyuta haina muktadha huo: neno moja lililoandikwa na watu wawili huliona kuwa maneno mawili, na maneno mawili tofauti huyaona kuwa moja. Mwaka 2006 Peter Waiganjo Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Guy De Pauw wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, na wenzao, walionyesha namna ya kuvirejesha viwimbi hivyo katika Gĩkũyũ, na mwaka 2007 mbinu hiyo ikajaribiwa katika lugha kadhaa za Afrika, Kikamba kikiwemo.

Mbinu yenyewe inafaa kuelezwa, kwa kuwa ndani yake umo ujifunzaji wa mashine katika sura iliyo wazi kabisa. Katika lugha zenye utajiri wa maandishi, programu hutafuta neno katika kamusi kubwa ya kielektroniki na kuona limeandikwaje. Kikamba hakikuwa na kamusi ya namna hiyo. Watafiti hao wakashuka hadi kiwango cha herufi: kila i na kila u katika maandishi sahihi ilichukuliwa pamoja na herufi chache zilizoitangulia na zilizoifuata, na mfano huo ukahifadhiwa pamoja na jibu lake, yaani kama ina kiwimbi au haina. Ikija herufi mpya isiyo na kiwimbi, programu hulinganisha majirani wake na mifano yote iliyohifadhiwa, huchagua ile inayofanana nayo zaidi, na kuifuata. Njia hii huitwa ujifunzaji wa kumbukumbu. Inafaa lugha za Kibantu kwa sababu viambishi vya ngeli na vya vitenzi hujirudia mno, hata maandishi machache yakawa na mifano tele, na hapo umaskini wa data unapunguzwa na utaratibu wa sarufi yenyewe. Mwaka 2011 Benson Kituku, akishirikiana na Wagacha na De Pauw, alitumia njia iyo hiyo kuifundisha kompyuta kutambua majina ya watu, mahali na taasisi katika matini za Kikamba, na baadaye alishiriki katika kuandika sarufi ya Kikamba inayosomeka na kompyuta.

Kwa upande wa Kenya utafiti huo ulifanyika Nairobi, na haungeweza kufanyika Kitui wakati ulipoanza, kwa kuwa hapakuwa na chuo kikuu. Mahali paitwapo Kwa Vonza, katika Kitui, palikuwa na Taasisi ya Kilimo ya Ukamba, iliyojulikana kama Ukai, iliyotokana na michango ya harambee. Mwaka 2008 ikageuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwezi wa Machi 2013 ikapewa hati ya kujitegemea kwa jina la South Eastern Kenya University, ambalo wengi hulifupisha SEKU.

Wakati SEKU ikijijenga, Kikamba kiliingia katika enzi ya data kubwa, yaani limbikizo la taarifa nyingi kiasi kwamba haliwezi kuchambuliwa kwa mkono wala kwa kompyuta moja. Mwaka 2021 watafiti wa kampuni ya Facebook walitoa kipimo kiitwacho FLORES-101, chenye sentensi 3,001 zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza hadi lugha 100 nyingine, Kikamba kikiwa miongoni mwake, ili programu za kutafsiri zipewe mtihani mmoja na kulinganishwa. Mwaka uliofuata Google ilichukua sehemu kubwa ya sentensi hizo na kuwafanya wasemaji wazisome kwa sauti, likapatikana fungu la rekodi liitwalo FLEURS. Kwa lugha yenye jamii ya watu zaidi ya milioni 4.6, kwa hesabu ya sensa ya 2019, hatua hiyo ni kubwa na haifai kudharauliwa. Lakini sentensi hizo zilitolewa katika kurasa za habari, za utalii na za elimu ya watoto zilizoandikwa kwa Kiingereza, na hakuna hata moja kati yake iliyotungwa kwa Kikamba. Desturi iliyoanzia kwenye Injili ya Marko imeendelea: lugha inaingia mashineni ikiwa imebeba mawazo ya lugha nyingine, huku mpangilio wa sentensi zake, utani wake, lugha ya mashauri ya wazee na ya vipindi vya redio kama Musyi FM vikibaki nje.

Kazi iliyo mbele ya vyuo vya eneo hili ni kukusanya mazungumzo hayo, na ina masharti yake. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaihesabu sauti inayomtambulisha mtu kuwa taarifa yake binafsi, kwa hiyo msimulizi ana haki ya kuelezwa rekodi yake itatumiwa vipi kabla haijaingizwa katika korpasi, haki ambayo watu wa Rabai waliompa Krapf maneno yao hawakuwa nayo. Kisha liko suala la lahaja. Kikamba cha vitabuni kimeegemea usemi wa Machakos, ambao watu wa Makueni hawauoni mgeni, lakini Kitui, na hasa upande wa Mwingi na Mumoni, kuna tofauti za matamshi na za msamiati ambazo hazikuandikwa vya kutosha. Mwanafunzi aliyekulia huko huzisikia bila kufundishwa, na anaweza kuziwekea alama katika rekodi ambapo mtafiti wa mbali angezihesabu kuwa makosa. Bila kazi hiyo, programu iliyofundishwa kwa usemi mmoja peke yake itaendelea kumwelewa vibaya mzee wa Tseikuru, huko Mwingi, kila anapojaribu kuizungumzia simu yake kwa lugha yake.