Historia ya Vyombo vya Mti Mpanda

Nchi ya Wapimbwe, Wabende na Wakonongo ni nchi ya miyombo, na kwa muda mrefu msitu huo ndio uliokuwa duka lao la vyombo. Kinu, mchi, mwiko, bakuli, kigoda cha mpishi: vyote vilitoka kwenye shoka na tezo.

Kisha yakaja madini ya risasi. Kwa ajili ya mgodi wa Mpanda, reli ya tawi kutoka Kaliua, kilomita 210 hivi, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na mninga wa msitu huo ukawa umepata njia ya kwenda Tabora hadi Dar es Salaam. Mti ukahesabiwa kwa mbao: kitanda, kabati, mlango. Mchonga vyombo akaachiwa tawi, kisiki na vipande vilivyokataliwa na msumeno.

Navistahi sana vipande hivyo. Mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Nje ni mweupe, na hapo ndipo wadudu hupenda. Ndani ni kahawia iliyokolea. Fundi huuchonga ungali mbichi, akiondoa weupe wote na kuukwepa moyo wa gogo, maana ufa huanzia pale. Huacha kuta nene, akakifukia chombo katika maranda yake kivulini kikauke polepole, kisha hukirudia kwa tezo na msasa. Bakuli la kulia halitaki vanishi. Nta ya nyuki yatosha, na kule Inyonga nyuki wapo.

Makazi ya Katumba yalipokea wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, na ya Mishamo yakafuata mwaka 1978. Walilima muhogo, na kisamvu lazima kitwangwe. Hivyo kinu kikabaki na kazi hata baada ya mashine kukinyang'anya mahindi. Sufuria na plastiki zimeliondoa bakuli la mti katika nyumba nyingi. Mwiko haukuondoka, kwani ugali bado unasongwa.

Mti wenyewe hauna haraka. Mche wa mninga hunyauka juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa, mzizi ukijijenga chini, kabla haujapata nguvu ya kusimama. Gogo la kupasua mbao hulifaidi mjukuu wa aliyeuona ukichipua.

Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012, umerithi msitu huo pamoja na Sheria ya Misitu ya 2002, inayodai kibali cha kuvuna mti na hati ya kuusafirisha. Ni haki, msitu ulindwe. Lakini mwenye gunia la miiko asipimwe kwa mizani ya mwenye lori la magogo. Gogo likishaondoka, matawi huozea porini au huishia kwenye tanuri la mkaa, na tawi moja nene lina miiko ya kutosha harusi.