Historia ya Ugonjwa wa Kisukari

Kaeni vizuri, mwenye kalamu ashike kalamu yake. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: SUKARI, KONGOSHO, INSULINI. Somo likiisha, kila mmoja wenu ataweza kuyasoma na kueleza maana yake.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya ugonjwa wa kisukari, na jinsi watu walivyoufahamu kidogo kidogo. Mtaona kwamba kwa maelfu ya miaka ugonjwa huu uliua kwa sababu watu hawakuujua. Leo unajulikana. Hata hivyo, katika nyumba ambayo haujulikani, bado unaua kama zamani. Basi sikilizeni vizuri.

MKOJO WA ASALI

Zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, waganga wa Misri waliandika dawa za mtu anayekojoa kupita kiasi. Waliona dalili, lakini hawakujua sababu yake.

Waganga wa kale wa Bara Hindi waliona jambo jingine. Waliona sisimizi wakikusanyika mahali alipokojoa mgonjwa. Sisimizi hufuata nini? Hufuata kitu kitamu. Waganga hao wakauita ugonjwa huo madhumeha, maana yake mkojo wa asali. Tena wakaona kwamba wagonjwa ni wa namna mbili: kuna vijana wanaokonda upesi na kufa, na kuna watu wazima walionenepa ambao ugonjwa huwaendea polepole. Walisema kweli. Hata leo madaktari hutambua namna hizo mbili.

Baadaye, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alikuwako mganga mmoja jina lake Aretaeus. Aliandika kwamba nyama ya mgonjwa ni kama inayeyuka na kutoka katika mkojo, tena kwamba maisha yake huwa mafupi. Ikapita miaka mingi sana. Mwaka 1776 daktari wa Uingereza, Matthew Dobson, alichukua mkojo wa mgonjwa akauchemsha mpaka maji yote yakaisha. Chini ya chombo zikabaki chembe nyeupe. Akazionja, zikawa tamu kama sukari. Sasa watu wakajua kwa hakika kwamba sukari inapotea mwilini. Lakini kwa nini inapotea?

KONGOSHO NA MAJARUBA

Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, madaktari wawili, Oskar Minkowski na Joseph von Mering, walimtoa mbwa kongosho. Kongosho ni kiungo kidogo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Baada ya kutolewa kongosho, yule mbwa alianza kukojoa ovyo, na mkojo wake ukawa na sukari nyingi. Ndipo ikajulikana kwamba kongosho ndilo linalotawala sukari mwilini.

Linafanyaje kazi hiyo? Ninyi wa Mtowisa mnalima mpunga, kwa hiyo mtaelewa upesi kuliko watu wa mjini. Tuseme damu ni mfereji wa maji. Viungo vya mwili ni majaruba. Sukari ni maji yenyewe, nayo hutoka katika ugali, wali, viazi na matunda tunayokula. Maji yakifika penye jaruba, lazima awepo mtu wa kufungua tuta ili yaingie. Mtu huyo ndiye insulini, na insulini hutengenezwa na kongosho.

Asipokuwapo mfunguaji, mfereji hufurika na mpunga hukauka. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mgonjwa wa kisukari. Sukari imejaa katika damu, lakini viungo vina njaa. Mwili hujaribu kuitoa sukari kwa njia ya mkojo, na mkojo huondoka na maji mengi. Kwa hiyo mgonjwa hushikwa na kiu, hunywa, hukojoa, hushikwa na kiu tena. Anakula lakini anakonda.

Katika namna ya kwanza ya kisukari, mfunguaji hayupo kabisa. Namna hii huwapata zaidi watoto na vijana, wala haitokani na kosa la mtoto au la mzazi. Katika namna ya pili mfunguaji yupo, lakini matuta yamekuwa magumu na hayafunguki vizuri, na mwisho yeye mwenyewe huchoka. Namna hii ndiyo inayowapata watu wengi zaidi, hasa watu wazima, walionenepa tumboni na wasiotumia miili yao. Iko pia namna ya tatu, inayompata mama wakati wa ujauzito. Mama mjamzito aombe kupimwa anapokwenda kliniki.

MTOTO WA MIAKA 14

Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepata namna ya kwanza ya kisukari alikuwa mtu wa kufa. Madaktari walijua kumnyima chakula tu, ili aongeze miezi michache. Wazazi walikaa kitandani wakimtazama mtoto wao akiwa mifupa mitupu.

Mwaka 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, daktari kijana Frederick Banting na mwanafunzi Charles Best walianza kutafuta dawa katika kongosho la mbwa. Walifanya kazi katika maabara ya Profesa John Macleod. Baadaye James Collip aliwasaidia kuisafisha dawa hiyo.

Tarehe 11 Januari 1922 walimpiga sindano mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa hoi hospitalini. Sindano ya kwanza haikumfaa sana, kwa kuwa dawa ilikuwa bado na uchafu. Hawakukata tamaa. Tarehe 23 Januari wakampiga tena kwa dawa iliyosafishwa, na sukari katika damu yake ikashuka. Leonard akapata nguvu, akaishi miaka 13 zaidi. Mwaka 1923 Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel. Wavumbuzi waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya dawa hiyo kwa dola 1 tu kila mmoja, kwa sababu walitaka iwafikie wagonjwa. Siku aliyozaliwa Banting, tarehe 14 Novemba, ndiyo Siku ya Kisukari Duniani.

(Hapa mwalimu asimamishe somo kidogo. Mwanafunzi mmoja aeleze kwa maneno yake kazi ya insulini.)

HABARI ZA NCHI YETU

Sasa turudi nyumbani. Wazee waliomo darasani huenda wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu zaidi ya milioni 2 walikaa katika vikundi, kama ninyi leo, wakajifunza habari za malaria, minyoo, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Walichimba vyoo na kufyeka majani. Kisukari hakikuwamo katika masomo yale, kwa sababu wakati ule wachache walikiona kuwa ni tatizo la mtu wa kijijini.

Katika miaka ya 1980, Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walikwenda katika vijiji sita vya Tanzania, wakawapima watu zaidi ya 6,000. Waliona kwamba wenye kisukari hawakufika mtu 1 katika kila 100. Mwaka 2012 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Safari hii walionekana watu 9 hivi katika kila 100. Vipimo hivi viwili havikufanana kwa kila jambo, kwani cha kwanza kilikuwa cha vijiji na cha pili kilihesabu mijini pia. Lakini maana yake ni wazi: ugonjwa umeongezeka.

Kwa nini umeongezeka? Wataalamu waliwafuata watu waliohama vijiji vya Morogoro kwenda kukaa Dar es Salaam. Kabla ya kuhama, wanaume karibu 8 katika kila 10 walikuwa wakifanya kazi nzito. Baada ya mwaka mmoja mjini, walibaki chini ya 3 katika kila 10. Na kwa wastani, wanaume kwa wanawake, kila mmoja aliongezeka zaidi ya kilo 2. Mwaka mmoja tu!

Msiseme, "Hayo ni ya Dar es Salaam." Wazee wa Ufipa walilima matuta ya ntumba kwa jembe la mkono, wakala ugali wa ulezi kwa maharage. Aliyetaka kupanda kutoka bondeni alipanda ukuta wa Lyamba lya Mfipa kwa miguu yake. Leo kuna pikipiki. Dukani kuna soda, na chai ya asubuhi hutiwa vijiko vinne vya sukari. Barabara na duka ni maendeleo, nasi tunayapenda. Lakini mwili wa mtu ni ule ule wa babu yake. Mjini kumetufuata mpaka bondeni.

TUPA UCHAWI

Wengi hueleza kwamba maana ya jina Sumbawanga ni "tupa uchawi". Basi hapa pana jambo la kutupa. Tuseme kijana wa nyumba fulani anakunywa maji mtungi mzima, anakojoa usiku kucha, anakonda. Jirani anasema, "Amelogwa." Mwingine anasema, "Ni malaria." Siku zinapita. Kijana anaanza kutapika, anahema kwa nguvu, pumzi yake inanuka kama tunda lililoiva mno, kisha anapoteza fahamu. Huyo amebakiwa na saa chache. Akipata maji na insulini hospitalini anaweza kupona. Akipelekwa kutafuta mchawi, atakufa. Na baadaye huenda bibi kizee asiye na hatia akalaumiwa. Hivyo watu wawili wataharibikiwa kwa kukosa tone moja la damu.

Nasema tone moja kwa sababu kipimo ni rahisi. Mhudumu wa afya huchoma kidole, huweka tone la damu katika mashine ndogo, na jibu hutoka papo hapo. Asubuhi kabla ya kula, kipimo kikifika 7 au zaidi, tena kikirudiwa siku nyingine kikawa vile vile, mtu huyo ana kisukari.

TUFANYE NINI?

Namna ya kwanza hatuwezi kuizuia, lakini tunaweza kuitambua mapema. Namna ya pili tunaweza kuizuia kwa sehemu kubwa. Shikeni mambo haya:

1. Sahani iwe na mboga nusu nzima. Ugali au wali uwe robo, na robo nyingine iwe maharage au samaki. Dona ni bora kuliko sembe, na ulezi usidharauliwe.

2. Kiu ikatwe kwa maji, si kwa soda. Punguza sukari katika chai kijiko kimoja kimoja, mpaka ulimi uzoee.

3. Tumia mwili wako. Asiyelima atembee upesi nusu saa kila siku, angalau siku tano kwa juma.

4. Acha tumbaku, na pombe isizidi.

5. Mwenye umri wa miaka 40 au zaidi, mnene, au mwenye ndugu mgonjwa, akapimwe hata kama hajisikii vibaya. Wengi hukaa na ugonjwa miaka bila kujua, huku macho, figo na miguu vikiharibika.

Na wewe ambaye tayari una kisukari, usiache dawa kwa sababu umepata nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa. Osha na kutazama miguu yako kila jioni, wala usiende shambani peku; kidonda kidogo kisichosikika kimewakatisha wengi mguu. Bonde letu lina joto, na joto huharibu insulini. Asiye na jokofu aifunge ndani ya mfuko usiopitisha maji, aiweke katika chungu kidogo kilicho ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga mbichi, kivulini. Tena ukisikia unatetemeka, unatoka jasho na kichwa kinazunguka baada ya kutumia dawa, sukari imeshuka mno: kunywa mara moja maji yenye sukari, kisha ule chakula. Aliyezimia asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali upesi.

Ndugu wanafunzi, kutoka kwa wale sisimizi mpaka sindano ya Leonard ilipita miaka zaidi ya elfu mbili. Sisi hatuna haja ya kungoja hata mwaka mmoja. Kazi ya kutafuta imekwisha kufanywa na wengine. Kwetu imebaki kazi ya kujua na ya kutenda.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Sisimizi waliwafundisha nini waganga wa Bara Hindi?
2. Kongosho liko wapi, na kazi yake ni nini?
3. Kwa nini mgonjwa wa kisukari ana kiu na anakonda?
4. Katika kijiji chenu, ni mambo gani ya chakula na ya kazi yamebadilika tangu wakati wa babu zenu?
5. Jirani yako akisema mtoto mwenye kiu nyingi amelogwa, utamjibu nini?

Kwa leo tumefika mwisho. Kila mmoja akifika nyumbani amfundishe mtu mmoja maneno yale matatu ya ubaoni. Kwaherini.