Kupanda Milimani kwa Ridhaa

Siku niliyomwambia Guka kwamba nilikuwa nimeshinda kwenye baiskeli tangu asubuhi, jua na vumbi vyote vyangu, aliniuliza swali moja tu.

"Na walikulipa ngapi?"

"Hawakunilipa, Guka. Mimi ndiye niliyelipa."

Alicheka hadi chai ikampalia. Kisha akanyamaza, akaniangalia kama mtu anayesoma barua ya mwajiri. "Ulilipa pesa yako ndiyo uchoke?"

Ni babu yangu, mzaa baba, na kwa kuwa nimebeba jina lake, naye huniita Guka. Swali lake lilinichoma mahali ambapo hakukusudia. Miaka mitatu iliyopita aliuza mtamba wake mzuri kule Bahati ili nilipe karo ya mwaka wa kwanza chuo kikuu. Mwaka wa pili nikaacha. Tangu hapo nilikuwa nikimwepa, kwa sababu kila mazungumzo yetu yalikuwa yanaishia kwenye swali hilohilo kwa njia tofauti: siku hizi unalipwa ngapi?

Basi nimekaa na swali hili. Nikaona lina historia ndefu kuliko mimi na yeye.

Tuanzie hapa ninapoandikia. Naishi Milimani, Nakuru. Usinionee wivu bado: nakodisha SQ, kile chumba cha nyuma kilichojengwa kwa ajili ya mtumishi, nyuma ya nyumba kubwa ya zamani yenye dohani. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji uliokua kando yake uligawanywa kwa rangi ya ngozi kama miji mingine ya wakoloni. Wazungu walichukua mteremko wa Menengai, kwenye hewa safi na mandhari ya ziwa. Waafrika waliwekwa chini, Bondeni na kwingineko. Hata majina yenyewe hayafichi kitu: wengine milimani, wengine bondeni.

Guka alianza kazi ya upishi huku juu mwaka 1961, akiwa na miaka kumi na tisa. Alilala Bondeni. Kila siku, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, alipaswa kuwa jikoni amewasha moto. Miezi ya mwanzo alitembea. Kisha akanunua Raleigh nyeusi kwa Mhindi mmoja mjini, akailipa kidogo kidogo kwa muda mrefu kuliko anavyopenda kukumbuka. Baiskeli za aina hiyo baadaye zilikuja kuitwa mamba, yaani black mamba: chuma kizito, gia moja, keria nyuma ya kubeba gunia. Nakuru iko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na barabara ya kwenda Milimani haina huruma. Guka anasema aliijua kila kona ya mpando ule kwa magoti.

Uhuru ukaja Desemba 1963. Wazungu wengi wakauza na kuondoka, wakubwa wapya wakahamia. Guka akabaki na jiko lilelile chini ya mwajiri mwingine. Bendera ilibadilika. Mlima haukubadilika.

Sasa njoo kwenye neno. Sisi tulioshiriki mbio zile tunaitwa waendeshaji wa ridhaa. Umewahi kusikia watangazaji wa redio wakisema ngumi za ridhaa? Maana yake ni mchezo unaochezwa kwa mapenzi, si kwa mshahara. Mimi nalipenda neno hili, kwa sababu ridhaa ni kukubali kwa moyo, bila kusukumwa. Ila wazo lenyewe la mwanamichezo wa ridhaa, lilivyotengenezwa Uingereza katika karne ya 19, halikuwa safi hivyo. Mwaka 1879 waandaaji wa mashindano ya makasia ya Henley waliandika kanuni kwamba fundi, mhunzi au kibarua anayeishi kwa ujira hahesabiki kuwa mchezaji wa ridhaa. Si kwamba alilipwa kucheza, la! Kosa lake lilikuwa kufanya kazi kwa mikono, kazi yoyote. Kanuni hiyo ilidumu hadi miaka ya 1930. Yaani mpishi wa Milimani angefukuzwa mtoni kwa sababu ya mikono yake, huku bwana aliyepikiwa akikaribishwa.

Baiskeli ndiyo iliyovunja ubaguzi huo mapema kuliko michezo mingi. Tour de France ya kwanza, mwaka 1903, ilianzishwa na gazeti la L'Auto lililokuwa likitafuta wasomaji. Wanaume 60 walianza safari ya kilomita 2,428 kwa hatua sita. Aliyeshinda, Maurice Garin, alikuwa amekulia kwenye kazi ya kusafisha dohani. Mtu wa masizi! Hakuna klabu ya waungwana ambayo ingemfungulia mlango, lakini barabara haikumuuliza baba yake ni nani.

Kwetu Kenya hadithi haiko mbali na hiyo. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na aliyemfundisha utotoni ni David Kinjah, mwendeshaji wa Kikuyu mwenye rasta zake, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akilea vijana wa mtaani kwake kupitia kundi la Safari Simbaz. Mwaka 2006 Froome alivaa jezi ya Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Melbourne. Baadaye, akiwa na leseni ya Uingereza, alishinda Tour de France mara nne. Na kuna Suleiman Kangangi wa Eldoret, aliyemaliza wa tatu kwenye Tour du Rwanda mwaka 2017 na baadaye akawa nahodha wa Team Amani. Alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mbio za barabara za vumbi huko Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33. Yeye pia shule ilimkatikia njiani kwa umaskini. Sijilinganishi naye. Yeye alikosa karo, mimi nilikosa subira. Lakini habari zake niliwahi kuzisoma usiku mmoja nikiwa kwenye SQ, na asubuhi yake nikatoka kwenda kutafuta baiskeli ya mtumba.

Nilipoileta nyumbani, mamangu alishika kiuno. "Tumetoka huko, wewe unarudi?"

Namwelewa. Kwa kizazi cha Guka, baiskeli ilikuwa mali, kitu cha kumfanya kijana aangaliwe. Kwa kizazi cha mama ikawa riziki ya watu wengine. Boda boda zenyewe zilianza kwa baiskeli huko Busia, miaka ya 1960, zikivusha watu mpaka wa Kenya na Uganda, na jina likatoka kwenye neno lenyewe la mpaka. Hata Nakuru mama anakumbuka kubebwa kwenye keria yenye mto wa sponji. Halafu mwaka 2008 serikali ikaondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, zile zisizozidi sisi 250, na nduthi zikajaa mji. Aliyebaki kwenye baiskeli akaonekana ameshindwa kununua pikipiki. Kwa muda mfupi tu, chombo kilichokuwa fahari kikawa ushahidi wa umaskini. Ndiyo maana mama alishika kiuno.

Mbio nilizoshiriki zinaitwa Cycle with the Rhino, ndani ya Mbuga ya Ziwa Nakuru. Mbuga hii ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na mwaka 1987 ikafanywa makao ya kulinda vifaru, nyuma ya uzio wa umeme. Siku za kawaida huwezi kuzurura humo kwa baiskeli, kwa hiyo siku hiyo watu hujitokeza. Nilikuta wenye baiskeli za kaboni nyepesi kama mwavuli, wanafunzi wenye baiskeli za kuazima, familia, na sisi wa mtumba. Ziwa lenyewe lilikuwa limevimba. Maji yaliyopanda katika miaka ya 2010 yalimeza hata lango kuu la zamani, na miti iliyokufa bado imesimama majini kama watu wanaosubiri kitu.

Mwanzoni sote tulikuwa wajanja. Tukapiga picha, tukacheka, tukapita nyati waliotutazama kwa dharau. Kisha ukaja mpando wa murram. Mbele yangu jamaa wa kaboni akashuka, akaanza kusukuma. Mimi nikashika gia ya mwisho, nikawa nahema kama pampu mbovu. Ndipo nikasikia chuma kikilia nyuma yangu: kii, kii, kii. Mzee wa kama miaka hamsini, viatu vya mpira, suruali imefungwa kwa kamba kwenye kifundo, akiwa juu ya mamba. Mamba yenyewe, na keria yake.

Alipokuwa ananipita nilimpa heshima yake. "Mzee, una nguvu!"

"Nguvu gani, kijana? Mimi hubeba maziwa kila siku. Leo ni bila mzigo."

Akaenda zake. Sikumwona tena hadi mwisho, ambapo nilimkuta ameketi kivulini akila ndizi.

Niliporudi Bahati na kumsimulia Guka habari hiyo, nilidhani nimeshapata hoja yangu. Nilikuwa nimeipanga kichwani: sisi tunaendesha kwa ridhaa, wao waliendesha kwa lazima, tunachokiita mchezo ni jasho la wazee wetu lililopewa namba kifuani. Ni hoja nzuri. Niliisema hivyohivyo mbele yake, kwa sauti ya mtu aliyekaa chuo miaka miwili kasoro.

Guka alinisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Kupanda, sawa, ilikuwa kazi. Lakini wewe hujaniuliza juu ya kushuka."

Akaniambia kwamba jioni, akishamaliza vyombo, alikuwa akitoka lango la nyuma, akiacha miguu wazi bila kukanyaga pedali, upepo ukiingia kwenye shati. Njia fupi ya kwenda Bondeni aliijua. Hakuipita. Alizunguka mitaa yote ya Milimani kwanza, chini ya mijakaranda, mara nyingine mizunguko miwili, akiwa peke yake, hana anayemtuma. Mara moja askari alimsimamisha na kumuuliza anatafuta nini huko usiku. Alidanganya kwamba amesahau funguo.

"Kwa nini ulidanganya?"

"Ningemwambia nini? Ati najifurahisha? Angeniamini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemnyang'anya ridhaa yake bila kumuuliza, sawasawa na waungwana wa Henley.

Raleigh bado ipo, imetundikwa kwenye stoo, tairi zimekauka. Tuliishusha pamoja. Guka alipitisha kidole kwenye usukani, akapuliza vumbi. Kisha akasema kile ambacho nadhani alikuwa akikitafuta tangu mwanzo.

"Ule mtamba niliuuza kwa hiari yangu. Usinikimbie tena kwa ajili yake."

Fundi wa pale kituoni anasema tairi za saizi hiyo bado zinapatikana. Mwezi ujao nitaiendesha hadi Milimani, gia moja, nione kama magoti yangu yanaweza. Kama hayawezi nitasukuma. Na jioni nitashuka kwa njia ndefu.