Mwegemeo wa upakataji

Ukipanda mteremko wa Kabasha kutoka Rwindi, unaingia Kanyabayonga, mashariki mwa Kongo. Mtoto mchanga hapo utamwona mgongoni mwa mamake, amefungwa kwa kikwembe. Mgongo ukishachukuliwa na mzigo wa mkanda wa paji la uso, mtoto huhamia kifuani. Istilahi yetu inaanzia hapo kifuani.

Mwaka 1960, mwanasaikolojia Lee Salk wa Marekani alichapisha jambo aliloliona kwa akina mama: wakimshika mtoto mbele yao, kichwa chake mara nyingi hulala kushoto. Wanaotumia mkono wa kulia walifanya hivyo kwa 83%, nao mashoto kwa 78%. Kwa hiyo jibu la haraka, kwamba mama anauacha mkono wa kulia huru kwa kazi, halitoshi. Salk alidhani sababu ni mapigo ya moyo. Wengi leo wanataja ubongo: nusu yake ya kulia ndiyo hodari zaidi wa kusoma sura na hisia, na ndiyo inayopokea yanayoonekana upande wa kushoto. Kunyonyesha tukuweke kando, maana mama hubadilisha ziwa.

Mfasiri mwenye haraka ataandika “upendeleo wa upande wa kubeba mtoto”. Siukubali. Kubeba kunaingiza na mgongo, na mgongoni kichwa hakina kushoto wala kulia cha kuhesabu. Kiswahili kilishatenganisha mambo haya zamani: mtoto wa mgongoni au kiunoni ameelekwa, na ndiyo maana kuna mbeleko; wa mapajani au mikononi amepakatwa. Upendeleo nao ni wa mtu aliyechagua, ilhali mama hata hajui kwamba ameegemea upande. Basi naandika mwegemeo wa upakataji. Ukitokea kushoto, ni upakataji wa kushoto.

Wala haukupatikana kila mahali. Masayuki Nakamichi aliwatazama akina mama wa Madagaska, na mwaka 1996 akachapisha kwamba hakuuona mwegemeo huo wa kushoto.

Nasisitiza usahihi wa istilahi hii kwa sababu kuna utafiti wa Uingereza uliohusisha upakataji wa kulia na msongo wa mawazo wa mama. Juni 2024, waasi wa M23 walipoiteka Kanyabayonga, familia nyingi zilikimbia kuelekea Lubero na Butembo. Mtu akienda kwenye kambi ya waliokimbia na istilahi legevu, atamwona mama amemshika mtoto kulia, aandike kwamba amevurugika, kumbe bega la kushoto linauma tu. Takwimu za kundi hazimpimi mama mmoja.

Muuguzi, ukitaka kujua hali ya mama huyo, keti naye umuulize analalaje, anakula nini, na nani amebaki nyuma. Upande aliompakatia mtoto usiuandike kama dalili ya ugonjwa.