Kutoka Unyanyembe hadi Shinkolobwe: Njia ya Misafara katika Historia ya Sayansi ya Nyuklia

Vitabu vinavyosimulia historia ya sayansi ya nyuklia huanzia katika maabara za Ulaya: Berlin, ambako Martin Heinrich Klaproth aliitambua elementi ya urani mwaka 1789, au Paris, ambako Henri Becquerel alibaini mwaka 1896 kwamba elementi hiyo hutoa mionzi yenyewe bila kuchochewa na kitu chochote, na ambako Marie na Pierre Curie waligundua radiamu mwaka 1898. Masimulizi hayo ni ya kweli lakini hayatoshi, kwa kuwa sayansi hiyo haikuweza kwenda mbali bila mawe yenye urani nyingi, na mawe bora kabisa yaliyotumika katika miaka yake ya mwanzo yalitoka Katanga, nchi ambayo kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 ilifikiwa kutoka pwani ya Waswahili kwa njia iliyopita Tabora. Anayetaka kueleza jinsi mawe hayo yalivyoingia mikononi mwa Wabelgiji, na kutoka kwao kwa Wamarekani, hana budi kuanzia Unyanyembe.

Njia kuu ya kati ilitoka Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikakatisha Ugogo, ambako kila msafara ulilipa hongo kabla ya kuruhusiwa kuteka maji, ikapenya pori la Mgunda Mkali na kutokea Unyanyembe, ambako Waarabu na Waswahili walijenga matembe yao Kazeh, mahali panapojulikana leo kama Tabora. Hapo njia ziligawanyika: moja ilikwenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda, na ya tatu ilielekea kusini-magharibi kupitia Ufipa na kuzunguka Ziwa Tanganyika hadi Katanga. Njia hiyo ya tatu imeandikwa kwa uchache sana, labda kwa sababu wapelelezi mashuhuri wa Kizungu waliipenda zaidi Ujiji. Wanyamwezi na Wasumbwa, hata hivyo, waliijua vizuri kabla ya watu wa pwani, na kilichowavuta ni shaba, ambayo wahunzi wa Katanga waliiyeyusha kutoka katika mawe ya kijani, wakaikalibu katika umbo la msalaba au kuivuta kuwa nyaya za bangili.

Katika biashara hiyo ndimo alimotokea Mwenda Ngelengwa, aliyejulikana baadaye kwa jina la Msiri. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa Kisumbwa aliyezoea kwenda Katanga kununua shaba, na kufikia miaka ya 1850 mtoto alikuwa amekwishahamia huko moja kwa moja. Kwa bunduki alizozipata kwa kuuza pembe, shaba na watumwa aliwatiisha machifu wa wenyeji mmoja baada ya mwingine, akajenga dola ya Garenganze yenye makao yake Bunkeya, ambayo watawala wake, Wayeke, walikuwa wahamiaji kutoka nchi ya Wanyamwezi na majirani zao. Bidhaa zake zilielekea bahari mbili, mashariki hadi Zanzibar kupitia Tabora na magharibi hadi Benguela katika Angola. Hakuna sababu ya kumpamba mtawala huyu, kwani ukali wake uliwafanya Wasanga, wenyeji wa nchi hiyo, waasi mwaka 1891. Lakini ni yeye aliyeifanya Katanga kuwa nchi moja yenye jina, mipaka na mlango, na kwa hiyo nchi ambayo mataifa ya Ulaya yangeweza kuigombania.

Mwaka 1890 Alfred Sharpe alikwenda Bunkeya kwa niaba ya Cecil Rhodes, akarudi bila saini ya Msiri. Laiti angeipata, Shinkolobwe, mahali pa Katanga ambako urani ingegunduliwa baadaye, ingekuwa ndani ya Rhodesia ya Kaskazini, na historia ya bomu la atomiki ingekuwa na sura nyingine. Kampuni ya Katanga, iliyofanya kazi kwa masilahi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ilimtuma Kapteni William Grant Stairs, Mkanada aliyekuwa afisa katika jeshi la Uingereza, pamoja na mamia ya wapagazi na askari ambao wengi wao walikuwa Wazanzibari. Msafara huo uliondoka pwani Julai 1891, ukafuata njia ileile ya pembe na shaba hadi Tabora, ukashuka Karema, ukavuka ziwa na kufika Bunkeya mwezi Desemba. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Omer Bodson alimpiga Msiri risasi na kumuua, naye Bodson akapoteza maisha kwa majeraha aliyoyapata katika patashika hiyo. Katanga ikawa sehemu ya Dola Huru ya Kongo. Kwa hiyo utwaaji wa nchi iliyobeba urani ulifanyika kwa miguu ya wapagazi wa pwani, juu ya njia ambayo Wanyamwezi waliifungua kwa ajili ya biashara yao wenyewe.

Wakati huo hakuna aliyeifikiria urani. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilitafuta shaba kama alivyoitafuta Kalasa, na ni katika utafutaji huo ambapo Mwingereza Robert Rich Sharp alikuta mawe mazito yenye rangi za njano na kijani huko Shinkolobwe mwaka 1915. Vita Kuu ya Kwanza ilichelewesha kazi. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Septemba 1916, majeshi ya Kongo ya Kibelgiji chini ya Jenerali Charles Tombeur yaliiteka Tabora kutoka kwa Wajerumani, na baada ya vita Ubelgiji ilijipatia, kwa mkataba wa mwaka 1921, bandari zake ndogo Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikawa mojawapo ya milango ya Kongo ya mashariki kuelekea baharini. Upendeleo huo ulidumu hadi wakati wa uhuru, ambapo Julius Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria mjini humo, alikataa kuurithi. Urani yenyewe ilipelekwa zaidi kwa njia za magharibi, kupitia Lobito katika Angola na Matadi katika Kongo.

Uchimbaji ulianza mwaka 1921, na lengo lake halikuwa urani bali radiamu, iliyotumika katika tiba ya saratani na katika rangi ya kung'arisha nambari za saa gizani. Atomi ya urani haidumu: kiini chake, yaani sehemu ya katikati iliyobeba karibu uzito wote wa atomi, hutoa chembe na kugeuka kuwa kiini cha elementi nyingine, nacho hugeuka tena, mfano wa ukoo wenye vizazi vingi, hadi mzao wa mwisho ambaye ni risasi isiyobadilika. Radiamu ni mmoja wa wazao hao, na ni adimu kiasi kwamba katika tani tatu za urani hupatikana takriban gramu moja tu. Kiwanda cha Olen, nchini Ubelgiji, kiliisafisha kuanzia mwaka 1922, na kwa kuwa mawe ya Katanga yalikuwa na utajiri usio na mfano, bei ikashuka na migodi ya radiamu ya Marekani ikashindwa kuendelea. Wanamadini nao walipata hazina: madini kadhaa yasiyojulikana kabla yalielezwa kwa mara ya kwanza kutoka Shinkolobwe, mengi yakapewa majina ya wanasayansi wa Ulaya kama Becquerel, Curie na Soddy, na kasoliti ni miongoni mwa machache yaliyopewa jina la mahali yalipotoka, Kasolo, jina jingine la mgodi huo.

Mambo yaligeuka mwishoni mwa mwaka 1938, pale Otto Hahn na Fritz Strassmann walipoipiga urani kwa nyutroni, yaani chembe za kiini zisizo na chaji ya umeme, wakapata bariamu, elementi nyepesi zaidi, jambo ambalo Lise Meitner na Otto Frisch walilieleza kuwa ni kupasuka kwa kiini katika sehemu mbili. Niels Bohr na John Wheeler walionyesha mwaka 1939 kwa nini aina moja ya urani hupasuka kwa urahisi kuliko nyingine, sababu iliyofichika katika muundo wa kiini chenyewe. Kila kiini cha urani kina protoni 92, lakini urani-238, ambayo ni zaidi ya asilimia 99 ya urani yote, ina nyutroni 146, ilhali urani-235, ambayo ni asilimia 0.7 tu, ina nyutroni 143. Nyutroni hupenda kukaa mbili mbili. Kwa hiyo nyutroni ngeni inapoingia katika urani-235 humkuta mwenzi aliyekuwa peke yake, na nishati inayotokana na kuungana huko inatosha kukipasua kiini, wakati katika urani-238, ambayo nyutroni zake zote zina wenzi, nishati hiyo haitoshi na kiini hakipasuki kwa urahisi. Mpasuko mmoja huachilia nyutroni mbili au tatu zinazoweza kupasua viini vingine, na hapo ndipo penye asili ya kinu cha nyuklia na ya bomu.

Katanga ilirudi mara moja katika mawazo ya wanafizikia. Leo Szilard alimwendea Albert Einstein majira ya joto ya mwaka 1939 kwanza kabisa kwa sababu Einstein alifahamiana na Malkia Elisabeth wa Ubelgiji na angeweza kumwonya kuhusu urani ya Kongo isianguke mikononi mwa Wajerumani. Barua iliyotokana na mazungumzo hayo, iliyoandikwa kwa Rais Roosevelt tarehe 2 Agosti 1939, iliitaja Kongo ya Kibelgiji kuwa chanzo muhimu kuliko vyote. Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, ambaye naye alikuwa ameonywa na Waingereza, alisafirisha takriban tani 1,200 za mawe hayo hadi New York mwaka 1940, zikahifadhiwa kimyakimya kisiwani Staten Island hadi Kanali Kenneth Nichols wa Mradi wa Manhattan, mpango wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki, alipokwenda kuzinunua Septemba 1942. Mawe hayo yalikuwa na wastani wa asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati mawe ya migodi ya Marekani hayakufikia hata asilimia moja. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi huo ilitoka Shinkolobwe. Sengier alitunukiwa nishani na serikali ya Marekani mwaka 1946; wachimbaji walioyapakia mawe hayo hawakuambiwa yalikuwa nini. Lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili, kilichopandwa Katanga na misafara na kukuzwa baadaye na kampuni yenyewe katika kambi za wafanyakazi, na kwa hiyo amri za mgodi uliotengeneza enzi ya atomiki zilitolewa kwa lugha ambayo mpagazi wa Tabora angeielewa.

Malipo ya kisayansi kwa Kongo yalikuja kwa kuchelewa na kwa kipimo kidogo. Luc Gillon, padri na mwanafizikia aliyekiongoza Chuo Kikuu cha Lovanium, alifanikiwa kupata, chini ya mpango wa Atomu kwa Amani uliotangazwa na Rais Eisenhower mwaka 1953, kinu cha utafiti kilichowashwa Leopoldville mwezi Juni 1959, cha kwanza barani Afrika. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50, kiasi cha kutengeneza isotopu za hospitali, yaani atomi za elementi ileile zenye idadi tofauti ya nyutroni, na kufundishia wanafunzi. Kinu cha pili, chenye uwezo wa megawati moja, kilikifuata mwaka 1972 na kusimama mwaka 2004.

Kufunga kituo cha nyuklia ni taaluma inayojitegemea: fueli huondolewa, vyumba na mitambo husafishwa, sehemu zenye mionzi hubomolewa na kuzikwa kwa utaratibu, kisha eneo hupimwa kwa miaka mingi kabla ya kurudishwa katika matumizi ya kawaida. Huko Olen, ambako mawe ya Katanga yalisafishwa, kazi ya kukusanya na kufunika udongo uliochafuliwa na radiamu imefanyika kwa gharama kubwa chini ya usimamizi wa serikali ya Ubelgiji. Shinkolobwe ilifungwa kwa kuziba mashimo kwa zege wakati wa uhuru mwaka 1960, na marundo ya mabaki yakaachwa juani. Wachimbaji wadogo walirudi miaka ya mwisho ya karne ya 20 wakitafuta kobalti, wakivuta pumzi yenye vumbi na radoni, gesi yenye mionzi inayozaliwa na radiamu na kudhuru mapafu. Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji huo mwanzoni mwa mwaka 2004, na mwezi Julai mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu. Jiwe lilelile limesafishwa kule lilikopelekwa na kutelekezwa kule lilikotoka, na tofauti hiyo haielezeki kwa fizikia.

Upande wa Tanzania suala hili la urani na mabaki yake si la majirani tu. Matale ambayo Tabora imekaa juu yake ni sehemu ya mwamba wa kale wa katikati ya nchi, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, unaopimwa kwa kulinganisha urani na risasi ndani ya chembe za zirkoni. Mawe ya Shinkolobwe, yenye zaidi kidogo ya miaka milioni 600, ni machanga kwa kulinganisha. Matale ya aina hiyo yanapomomonyoka huachilia urani kidogo kidogo, na maji huisomba hadi kwenye mbuga zisizo na mlango wa kutokea, ambako hunaswa katika mashapo ya chokaa. Ndivyo ilivyopatikana urani ya Manyoni na Bahi, katika Ugogo ileile ya hongo, mita chache tu chini ya ardhi. Utajiri wake hupimwa kwa gramu katika tani, si kwa mamia ya kilo kama Shinkolobwe, na kwa sababu hiyo tani nyingi sana za udongo zingepaswa kuchimbwa na kuachwa kama mabaki karibu na mashamba ya mpunga ya Bahi, jambo ambalo wakazi wamelihoji. Usimamizi wa mionzi uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003, na kanuni za madini humtaka mchimbaji mkubwa aweke dhamana ya fedha za kurejesha mazingira. Ukubwa wa dhamana hiyo bado ni suala gumu pale madini yanapokuwa urani, kwa kuwa thoriamu-230, inayobaki katika mabaki baada ya urani kuondolewa na kuendelea kuzaa radiamu mpya, hupungua kwa nusu baada ya miaka takriban 75,000.