Udhibiti wa kompyuta kutoka mbali

Udhibiti wa kompyuta kutoka mbali ni njia ya kuona skrini ya kompyuta ya mtu mwingine na kuiendesha kupitia mtandao. Fundi aliyeketi Kampala, Uganda, anaweza kutengeneza mashine iliyoko Masese, mtaa wa Jinja kando ya Ziwa Viktoria, bila kupanda gari. Mwenye mashine humsomea kwa simu namba inayotokea kwenye programu, hubofya kukubali, kisha hutazama kishale kikitembea chenyewe. Mara ya kwanza hushtua.

Kinachosafiri si lazima kiwe video. Programu ya VNC, iliyobuniwa miaka ya 1990 katika maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, hutuma vile vipande vya skrini vilivyobadilika tu. Fundi naye hurudisha mibofyo ya kipanya na herufi. Ndiyo maana, bando likiwa dogo, mafundi huondoa kwanza picha ya mandhari. Programu ya TeamViewer ya Ujerumani ilifuata mwaka 2005.

Njia hii huhitaji intaneti, na Uganda haina pwani, hivyo hutegemea sana nyaya za baharini zinazotua Mombasa, ikiwemo SEACOM ya mwaka 2009. Intaneti ilipozimwa nchini wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, kazi hii nayo ilisimama.

Sheria ya Uganda ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inahesabu kuingia bila idhini kuwa kosa. Matapeli, hata hivyo, hawavunji mlango: hupiga simu wakijifanya watu wa benki, huomba ile namba, kisha huitia skrini giza huku wakihamisha fedha.